Makala ya Tiba Hupatikanaje?

Mnamo mwaka 1982 wataalamu watatu kutoka Ujerumani walichapisha ripoti fupi katika jarida moja la Kifaransa la elimu ya virusi. Walikuwa wamepima damu ya watu wa Liberia ili kuona kama zimo ndani yake kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili hujitengenezea baada ya kuingiliwa na kimelea fulani. Katika baadhi ya sampuli walikuta kingamwili za virusi vya Ebola, ugonjwa ambao ulikuwa umetambuliwa miaka sita tu kabla ya hapo, huko Zaire na Sudani. Hitimisho lao lilikuwa wazi: Liberia nayo ihesabiwe katika ukanda wa Ebola, na wahudumu wa afya wa nchi hiyo wajiweke tayari, maradhi yasije yakaenea hospitalini siku mgonjwa wa kweli atakapofika.

Mgonjwa huyo alifika mwaka 2014. Kabla maradhi hayajazimwa, watu zaidi ya 4,800 walikuwa wamekufa katika Liberia peke yake, wakiwamo madaktari na wauguzi. Mwezi Aprili 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa mganga mkuu katika wizara ya afya ya nchi hiyo, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika gazeti la The New York Times kwamba onyo lilikuwapo tangu zamani, ila wao hawakulijua. Hakuna mwanasayansi wa Liberia aliyeshiriki kuiandika ripoti ile. Tena aliyetaka kuisoma kutoka kwa mchapishaji alitakiwa kulipa dola 45 za Kimarekani, fedha ambazo kwa daktari wa Liberia zilikaribia nusu ya mshahara wa wiki.

Hapana haja ya kudai kwamba kurasa zile chache zingezuia maafa yote. Kipimo kilichotumiwa mwaka 1982, ambacho huzitambua kingamwili kwa rangi ing'aayo, huweza kuonyesha kingamwili mahali ambapo hazipo, na wako wataalamu walioyatilia shaka matokeo yake. Lakini hata shaka hiyo haiwezi kupimwa na mtu ambaye hajaisoma sehemu ya ripoti inayoeleza jinsi kazi ilivyofanywa. Daktari wa Monrovia hakukosa habari tu. Alikosa pia nafasi ya kuzihoji.

Faharasa, ikisiri na makala yenyewe

Msomaji anayeanza ni vyema atenganishe vitu vitatu ambavyo kwenye kioo cha kompyuta huonekana kama kitu kimoja. Kuna faharasa, yaani orodha inayotaja kuwa makala fulani ipo: mwandishi wake, kichwa chake, jarida, mwaka, juzuu na kurasa. Kuna ikisiri, ambayo ni aya moja au mbili zinazodokeza swali la utafiti na jibu lake. Halafu ndipo ije makala yenyewe, pamoja na maelezo ya mbinu, majedwali, michoro na orodha ya marejeo. PubMed, ambayo ndiyo hifadhidata ya tiba inayojulikana kuliko zote, ni faharasa yenye ikisiri. Ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35, nayo hutumika bure popote penye intaneti. Ila makala zenyewe hazimo. Kazi yake ni kuonyesha mlango. Kama mlango huo umefungwa au u wazi, hilo ni shauri la mchapishaji.

Kazi ya kuorodhesha si ngeni. Ilianzishwa na daktari wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, ambaye mwaka 1879 alianza kutoa Index Medicus kutokana na maktaba aliyoisimamia mjini Washington. Kwa miaka mingi iliyofuata mwanafunzi wa tiba alifungua majuzuu mazito ya orodha za namna hiyo, akanakili namba za kurasa kwenye kipande cha karatasi, kisha akaenda kwenye rafu kutazama kama jarida lenyewe lipo. Mwaka 1964 orodha iliingizwa katika kompyuta; mwaka 1971 ikaanza kuulizwa kutoka mbali kwa nyaya za simu, kwa jina la Medline; na mwaka 1997 ikafunguliwa kwa umma wote kwa jina la PubMed. Toleo la karatasi lilikoma mwaka 2004. Safari ya kwenda kwenye rafu, hata hivyo, haijakoma, ingawa rafu yenyewe sasa haionekani kwa macho.

Ikisiri ina hatari yake, nayo ni kwamba humridhisha msomaji mapema mno. Mwaka 2006 jarida la PLoS Medicine lilisimulia habari za daktari mmoja wa kusini mwa Afrika aliyeshughulikia kinga ya watoto wasiambukizwe virusi vya UKIMWI na mama zao wakati wa kuzaliwa. Njia yake kuu ya kupata habari ilikuwa ikisiri zilizowekwa kwenye intaneti. Kwa kutegemea ikisiri moja tu, mpango wa tiba ulibadilishwa, ikaachwa dawa iliyofaa na kushikwa nyingine yenye nguvu ndogo zaidi. Makala kamili ingeonyesha kuwa wagonjwa wa utafiti ule walifuatiliwa kwa muda mfupi, kwamba kundi lililotoa jibu lilikuwa dogo, na kwamba takwimu zake hazikukamilika. Mambo ya namna hiyo huandikwa katikati ya makala, mahali ambapo ikisiri haifiki.

Faharasa nayo ina hatari ya aina nyingine: hunyamaza bila kusema kuwa imenyamaza. Mwezi Mei 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, watu wenye afya njema waliojitolea katika uchunguzi wa pumu walivutishwa heksamethoniamu, dawa ambayo zamani ilitumika kushusha shinikizo la damu. Mmoja wao, mwanamke mwenye umri wa miaka 24, aliharibika mapafu, na tarehe 2 Juni akafariki. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa kabla ya kuanza kazi mtafiti alikuwa ametafuta habari za madhara ya dawa hiyo katika PubMed na katika vitabu vya kawaida vya fani, asipate onyo la kutosha. Lakini orodha za PubMed wakati huo zilianzia mwaka 1966, na makala zilizoeleza jinsi dawa hiyo ilivyodhuru mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwapo katika maktaba, na katika faharasa za karatasi pia. Mashine iliulizwa, ikatoa ilichokuwa nacho. Haikuwa kazi yake kusema kwamba kuna miaka mingi ambayo haijui chochote juu yake.

Tangu hapo kumbukumbu za miaka ya nyuma zimeongezwa, na leo kwa sehemu kubwa zinaanzia mwaka 1946. Hata hivyo, kila hifadhidata ina mpaka wake wa miaka, wa lugha na wa majarida inayoyaorodhesha. Mpaka huo hauna budi kujulikana kabla mtu hajatamka kuwa jambo fulani halijapata kuchunguzwa.

Mfano wa Newala

Namna ya kutafuta hufahamika vizuri zaidi kwa mfano kuliko kwa kanuni. Ichukuliwe kwamba wanafunzi wa kidato cha nne wa mkoa wa Mtwara wanataka kusoma ripoti za kwanza kabisa za chikungunya, homa ya ghafla inayoletwa na mbu na kuambatana na maumivu makali ya viungo. Dunia nzima huiita homa hiyo kwa neno la Kimakonde, kwa kuwa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Uwanda wa Makonde wakati wa mlipuko wa mwaka 1952 na 1953.

Wakiandika neno chikungunya peke yake katika PubMed, watapata maelfu ya makala, nyingi mno zikiwa za baada ya mwaka 2004. Ripoti walizozikusudia hawatazikuta kwa urahisi, na sababu yake ni ya kufurahisha. Ripoti hizo ni tatu. Mbili zilichapishwa mwaka 1955 katika jarida la Transactions of the Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene: ya Marion Robinson, juu ya dalili za wagonjwa, na ya W. H. R. Lumsden, juu ya jinsi maradhi yalivyoenea. Ya tatu, ya R. W. Ross, juu ya virusi wenyewe, ilitoka mwaka 1956 katika Journal of Hygiene. Vichwa vya mbili za mwanzo vinataja janga la ugonjwa wa virusi katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Cha ile ya tatu kinataja janga la Newala. Neno chikungunya halimo katika kichwa hata kimoja, na kumbukumbu za miaka hiyo kwa kawaida hazina ikisiri ambamo neno hilo lingeweza kunaswa. Neno Tanzania nalo halimo, kwani nchi yenye jina hilo haikuwapo hadi mwaka 1964.

Hapa ndipo ustadi wa mtafutaji unapohitajika. Kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi, haijui historia. Mtafutaji hana budi kujiuliza jambo hilo liliitwaje wakati makala ilipoandikwa, na nchi iliitwaje. Akitumia kiunganishi cha Kiingereza or kati ya Tanganyika na Tanzania, atapata makala zenye jina lolote kati ya hayo mawili; akitumia and kati ya Newala na virus, atapata zile tu zenye maneno yote mawili. Anayefanya kinyume, akaunganisha kwa and maneno matano au sita aliyoyatoa kwenye swali la mwalimu, mara nyingi hupata sufuri, naye huamini kuwa hakuna kitu.

Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, inayoendesha PubMed, iliwahi kuliona tatizo hili la majina mengi, na tangu mwaka 1960 imekuwa na kamusi maalumu ya vichwa vya mada iitwayo MeSH, ambayo sasa ina vichwa zaidi ya 30,000. Makala zote juu ya saratani, ziwe zimetumia neno cancer, tumor au jingine, huwekwa chini ya kichwa kimoja, Neoplasms. Kwa miaka mingi kazi ya kuchagua vichwa ilifanywa na wasomaji wenye ujuzi waliozipitia makala moja moja. Tangu mwaka 2022 hufanywa na mashine, na watu hukagua sehemu tu. Kutafuta kwa kichwa cha mada huleta makala chache zaidi lakini zinazohusu jambo lenyewe. Kwa makala mpya kabisa, ambazo pengine hazijapewa vichwa, na kwa zile za zamani sana, hapana budi kurudi kwenye maneno ya kawaida.

Ipo njia nyingine, ambayo wakutubi wazoefu huipenda kuliko zote. Mwanafunzi huchukua makala moja ya karibuni juu ya chikungunya, akaenda moja kwa moja kwenye orodha ya marejeo iliyo mwisho wake. Humo karibu daima atawakuta Robinson, Lumsden na Ross, pamoja na mwaka, juzuu na kurasa. Kutoka hapo akitaka huenda nyuma zaidi, au hurudi mbele kwa kutazama ni nani wengine waliozitaja. Njia hii inawezekana tu kwa aliye na makala kamili, kwani ikisiri haina marejeo.

Mtu aweza kuuliza kuna faida gani kuhangaikia ripoti za mwaka 1955. Lumsden alieleza kuwa maji yalikuwa adimu katika uwanda ule, na kwamba watu waliyaweka majumbani katika vyombo ambamo mbu aina ya Aedes aegypti walizaliana. Mwaka 2004 homa hiyo ilizuka Lamu, ikawapata watu wengi sana wa kisiwa hicho, ikaingia Mombasa, kisha ikavuka Bahari ya Hindi. Wataalamu walioutafiti mlipuko huo waliuhusisha na ukame, na na maji yaliyokaa kwa muda mrefu katika vyombo vya majumbani bila kubadilishwa. Ni mtungi ule ule, baada ya miaka hamsini.

Kuna faida nyingine, ndogo lakini yenye kuchekesha. Katika makala nyingi za kisayansi, na hata katika vitabu vya kiada, imeandikwa kuwa chikungunya ni neno la Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji hifadhidata ili kujua kuwa sivyo. Lumsden mwenyewe alilieleza kuwa ni la Kimakonde, kutokana na kitenzi kungunyala, chenye maana ya kukauka au kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopindwa na maumivu ya viungo. Kosa lilienea kwa kuwa mwandishi mmoja alinukuu kutoka kwa mwingine, naye wa tatu kutoka kwa wa pili, wote wakimtaja Lumsden bila kumfungua. Kosa la jina la ugonjwa halimuui mtu. Kosa la kipimo cha dawa husafiri kwa njia hiyo hiyo.

Milango ya makala kamili

Wanafunzi wa mfano huu wamekwisha pata namba za kurasa. Sasa wanataka kurasa zenyewe.

Mlango wa kwanza kujaribiwa ni PubMed Central, ambao usichanganywe na PubMed. Huu ni ghala hasa: tangu mwaka 2000 umekuwa ukihifadhi makala kamili, sasa kwa mamilioni, zinazosomwa bure na mtu yeyote bila kujiandikisha. Humo wamo waandishi wa siku hizi waliochagua kuchapisha katika majarida ya wazi, na zimo pia hazina za majarida ya zamani yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Journal of Hygiene ni mojawapo. Kwa hiyo makala ya Ross ya mwaka 1956 yaweza kusomwa leo nzima, hata kwa simu ya mkononi. PubMed ina kichujio kinachobakiza makala za bure pekee. Kitumiwe mwishoni tu, kwani anayekitumia mwanzoni huyaficha mengine yote machoni pake, kisha akasahau kuwa ameyaficha.

Makala za Robinson na Lumsden ziko kwa mchapishaji, naye hudai malipo. Hapo ndipo inapofaa maktaba iliyojiandikisha. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, kwa kupatana na wachapishaji wakubwa sita, lilianzisha mpango uitwao Hinari, ulioanza na majarida yapatayo 1,500 na ambao sasa una machapisho mengi zaidi ya hayo. Katika nchi zinazostahili, vyuo vikuu, hospitali, taasisi za utafiti, ofisi za serikali na maktaba za taifa hupata majarida hayo bure au kwa ada ndogo, kulingana na uchumi wa nchi. Anayejiandikisha ni taasisi. Mtu binafsi hutumia neno la siri analopewa na mkutubi, au huingia akiwa ndani ya jengo.

Jambo moja huwakwamisha wengi. Anayefika kwenye ukurasa wa mchapishaji moja kwa moja kutoka kwenye intaneti hukuta bei, hata kama chuo chake kina haki ya kusoma. Mchapishaji hana njia ya kumtambua. Anayepitia kwanza kwenye ukurasa wa maktaba yake, au wa Hinari, akatafuta kutokea humo, huikuta makala ile ile ikiwa wazi. Kila mwaka wako wanafunzi wanaolipa, au wanaokata tamaa, mbele ya mlango ambao ufunguo wake uko mezani kwa mkutubi.

Hata hivyo, mpango huu hutegemea hiari ya wachapishaji. Mwezi Januari 2011 baadhi yao waliwaondolea watafiti wa Bangladesh majarida waliyokuwa wakiyasoma kwa Hinari. Yalirudishwa baada ya kelele nyingi. Daktari ambaye wiki iliyopita alisoma na wiki hii hawezi, hana pa kukata rufaa.

Palipofungwa kote, bado yapo mambo mawili. Kabla ya kompyuta, watafiti wa Afrika walikuwa wakituma kadi za posta kwa waandishi kuomba nakala, nao waandishi walizituma kwa furaha. Desturi hiyo haijafa. Imehamia kwenye barua pepe. Anwani ya mwandishi mhusika huandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, na mara nyingi huonekana hata kwa asiyeweza kuifungua iliyobaki. Barua ifaayo ni fupi: nani anaomba, makala ipi, kwa kazi gani.

Kwa makala ya mwaka 1955 mwandishi hawezi tena kuandikiwa. Hapo mkutubi huomba nakala kutoka maktaba nyingine yenye majuzuu ya zamani, naye atahitaji kupewa jina la mwandishi, jarida, mwaka, juzuu na kurasa. Kwa Robinson ni juzuu la 49, kurasa 28 hadi 32. Lumsden anaanzia ukurasa wa 33 wa juzuu hilo hilo.